Wakili wa Asiye na Wakili: Haroub Othman na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar

Mei 1973 ilianza kusikilizwa Zanzibar kesi ya uhaini ambayo wazee wa Unguja hawajaisahau. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 7 Aprili 1972, Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, alikuwa ameuawa kwa risasi Kisiwandui, katika makao ya Chama cha Afro-Shirazi. Walioshitakiwa kuhusiana na mauaji hayo walifika 81. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, ndiye aliyeendesha mashitaka. Zamu ya utetezi ilipofika, aliyesimama kuwasemea washitakiwa alikuwa Dourado huyo huyo. Wakili mwengine hakuwepo, wala hakuweza kuwepo, maana sheria ya Visiwani wakati huo ilikuwa imekwisha kuwatoa mawakili mahakamani.

Naanzia hapo kwa kuwa historia ya Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar haieleweki bila ya chumba kile cha mahakama. Kituo kilianzishwa 1992, miaka 18 tu baada ya hukumu ya kesi hiyo kusomwa. Aliyekiasisi pamoja na wenzake na kukilea mpaka mwisho wa uhai wake ni Profesa Haroub Othman. Watu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanamjua kama mwalimu wa taaluma za maendeleo. Wasomaji wanamjua kwa vitabu, na wanaofuatilia mambo ya Muungano wanamjua kwa makala na mihadhara yake. Mimi nataka kumkumbuka kwa kazi hii moja ya Zanzibar, ambayo naamini ndiyo iliyofika mbali kuliko zote, kwa sababu iliwafikia watu ambao hawakupata kusoma hata ukurasa mmoja wa maandishi yake.

Mawakili waliondolewa na mfumo wa Mahakama za Wananchi, ulioundwa kwa dikrii ya 1969 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Waliokaa kwenye kiti cha hukumu hawakuwa mahakimu waliosomea. Walikuwa raia walioteuliwa na Rais, watu waaminifu kwa Mapinduzi ya 1964, na mbele yao mshitakiwa alijisemea mwenyewe. Kwa haki lazima niseme kwamba fikra iliyozaa mahakama hizo ilikuwa na mzizi wa kweli. Kabla ya 1964 mahakama kubwa za Zanzibar ziliendeshwa kwa Kiingereza na kwa taratibu za mkoloni. Mwenye mali alimweka wakili, au angalau vakili. Mkulima aliyeshitakiwa na mwenye shamba alisimama peke yake, akisubiri mkalimani amfasirie maneno yaliyokuwa yakimhukumu. Wanamapinduzi waliuona ukuta huo, nao wakaona dawa yake ni kumwondoa wakili. Kama maskini hana, basi na tajiri asiwe naye.

Dawa hiyo ilimdhuru maskini yule yule iliyokusudiwa kumponya. Mwenye jamaa serikalini alikuwa bado ana pa kupitia. Asiye na jamaa alibaki na mdomo wake tu, na mtu aliyelala rumande siku kadhaa, hajui kosa aliloshitakiwa nalo linahitaji ushahidi gani, mdomo wake haumfai kitu. Katika kesi ile ya uhaini baadhi ya washitakiwa walikuwa wamezuiliwa Bara, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuwarejesha Zanzibar. Mwanasiasa Abdulrahman Babu alikuwa mmoja wao. Alihukumiwa kifo na mahakama ambayo hakupata kutia mguu ndani yake, akakaa kizuizini Bara mpaka 1978 alipoachiwa. Alifariki London, Agosti 1996. Mwaka 2001 kilitoka kitabu cha kumuenzi Babu, na mhariri wake alikuwa Haroub Othman. Kituo chake cha sheria kilikuwa wakati huo kina umri wa miaka tisa, na kila siku ya kazi kikiwapa watu wa Unguja kile ambacho Babu na wenzake walinyimwa.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilileta sura ya haki za binaadamu. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ikarejea katika mfumo wa kawaida, mahakama za kadhi zikapata sheria yao, na Mahakama za Wananchi zikaondoka. Mawakili wakaruhusiwa tena. Lakini ruhusa haileti wakili. Kwa miaka 15 kijana wa Kizanzibari hakuwa na sababu ya kusomea kazi ambayo kwao haikuwa na pa kuifanyia. Wanasheria waliokuwepo walikuwa wa kuhesabika, na karibu wote walikaa mjini. Kwa mtu wa Makunduchi au wa Micheweni, wakili alikuwa neno la kusikia redioni. Hata angelimpata, asingelikuwa na fedha za kumlipa.

Pengo hilo ndilo alilolitazama Haroub. Alizaliwa Zanzibar 1942, na ujana wake ulikuwa wa zama za siasa, wakati kila baraza la Unguja lilikuwa mkutano. Alisomea sheria katika Umoja wa Kisovieti, kisha akafundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Somo la taasisi ile lilikuwa la lazima kwa wanafunzi wa fani nyingi, kwa hiyo waliopita hapo ni pamoja na madaktari, wahandisi na walimu. Mwaka 1980 alihariri kitabu kilichouliza waziwazi dola ya Tanzania imo mikononi mwa nani na inamtumikia nani. Lilikuwa swali la mjamaa aliyeuamini ujamaa kiasi cha kuthubutu kuukagua. Alimheshimu sana Mwalimu Nyerere, akahariri na kitabu cha heshima yake, lakini heshima hiyo haikumzuia kusema palipokosewa, hasa katika suala la Zanzibar na Muungano.

Mtu wa namna hii angeweza kumalizia maisha yake Mlimani na kwenye mikutano ya kimataifa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mshahara wake ulitoka chuoni. Kituo cha Zanzibar hakikuwa ajira yake. Kilikuwa kazi ya kujitolea aliyojitwisha mwenyewe, na aliibeba mpaka mwisho.

Mwaka 1992 ulikuwa na mengi. Ndio mwaka ambao Tanzania ilirejea kwenye vyama vingi, na kila mtu mwenye macho alijua kwamba Zanzibar, iliyotokea kwenye uchaguzi wa umwagaji damu wa 1961, ingeingia katika majaribu. Na ndio mwaka ambao Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria mpya ya umiliki wa ardhi. Nataka nikae kidogo kwenye ardhi, kwani aliyewahi kusikiliza mashauri ya watu wa shamba Zanzibar anajua kwamba ugomvi mwingi unaanzia hapo hata ukiwa umevaa nguo nyengine.

Baada ya Mapinduzi ardhi yote ilifanywa mali ya umma, na Serikali ikawagawia wananchi eka tatu tatu. Aliyepewa alipewa haki ya kutumia. Akalima, akapanda, akazaa, akafa. Watoto wakagawana eka tatu kama wanavyogawana mirathi, na wengine wakauza, ingawa eka zile hazikutolewa ili ziuzwe. Juu ya hapo kuna desturi kongwe ya Visiwani: mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi. Unaweza kuwa na minazi yako au mikarafuu yako imesimama penye haki ya mtu mwengine, ukairithi na ukaiuza. Kwa miaka mingi mauziano ya shamba yaliandikwa kama mauziano ya miti. Halafu, tangu mwisho wa miaka ya 1980, ikaja biashara ya utalii. Pwani za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambazo wavuvi walizitumia kuanikia nyavu na wanawake kuchimbia makumbi, zikawa na bei. Mzee aliyedhani ameuza minazi 10 ya babu yake akaja kuambiwa ameuza ufukwe. Karatasi aliyotia dole gumba ilikuwa ya Kiingereza.

Mzee kama huyo aende wapi? Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lake, anaweza kumsikiliza, lakini sheha huenda alikuwa shahidi wa mauziano. Polisi watamwambia hilo ni shauri la madai. Mahakamani karani atamtaka hati ya madai, na yeye hajui hati ya madai inafananaje. Wakili wa mjini atataka malipo ya kwanza. Hapo ndipo kituo kilipoingia, na naomba msomaji alione jambo hili kwa uzito wake. Wanamapinduzi wa 1969 waliona kwamba wakili ni wa tajiri, wakamfuta. Haroub na wenzake waliliona lile lile, wakaamua kumpeleka wakili kwa maskini, bila ya malipo na kwa Kiswahili. Malalamiko yalikuwa mamoja. Jibu la pili ndilo lililokuwa sahihi, na miaka zaidi ya 30 imelithibitisha.

Kazi ya kituo haina fahari ya kuonekana. Mtu huja na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mna cheti cha kifo, stakabadhi ya zamani iliyofifia, hati ya talaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, barua ya kufukuzwa kazi hotelini. Mwanasheria huzitandaza mezani na kuzisoma moja moja, huku mwenyewe akieleza. Nusu ya kazi ni kusikiliza. Wapo wanaokuja wakidhani wana kesi kumbe hawana, na kumwambia mtu ukweli huo kwa upole ni msaada mkubwa, kwa vile kunamwokoa asiuze mbuzi wake kufukuzia hukumu isiyokuja. Wengine wana haki iliyo wazi na wanachohitaji ni barua moja tu kwenda kwa mwajiri au kwa ndugu aliyeikalia mirathi. Wengine huandikiwa hati na kuelekezwa namna ya kujisimamia wenyewe mahakamani. Na zipo kesi ambazo mwanasheria wa kituo huingia nazo mwenyewe.

Mambo ya ndoa yana mlango wake. Mwanamke aliyeachwa mara nyingi hutoka kwenye nyumba na nguo zake na watoto. Nyumba aliyosaidia kuijenga, kwa fedha za mwani aliolima pwani ya Paje au kwa maandazi aliyokuwa akipika alfajiri, inabaki kwa mume kwa kuwa kiwanja kina jina la mume. Kwa miaka mingi sheria ya mahakama za kadhi ya 1985 haikumpa kadhi nguvu iliyo wazi ya kuutazama mchango wa mke. Sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi, Namba 9 ya 2017, imelifungua hilo. Haikushuka kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na miaka ya wanasheria na wanawake wa Zanzibar kukusanya mifano, kuipeleka kwa wakubwa, kujadiliana na masheikh, kurudi tena. Kituo cha Huduma za Sheria kilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo mifano hiyo ilikuwa ikiingia kila wiki kwa mlango wa mbele.

Na kuna sheria ya wari, yaani wanawake wasioolewa. Vijana wa leo pengine hawaamini, lakini kwa sheria ya 1985 mwanamke wa Zanzibar asiye na mume aliweza kupelekwa jela kwa sababu amepata mimba. Tumbo lenyewe lilikuwa ushahidi, ilhali mwanamme aliyehusika angeweza kukana na kwenda zake. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa, ikaja Sheria ya Kuwalinda Wari na Watoto wa Mzazi Mmoja, Namba 4 ya mwaka huo, iliyoondoa kifungo na kuweka huduma kwa jamii. Wanaharakati wengi wa Zanzibar walilipigania hilo, na itakuwa dhulma kuzitaja sifa zake kwa taasisi moja peke yake. Ninachosema ni kwamba mwaka 1985 sheria ile ilipopita hakukuwa na taasisi hata moja ya kiraia Zanzibar yenye mwanasheria wa kusimama na kusema hapana. Mwaka 2005 zilikuwepo kadhaa, na Kituo cha Huduma za Sheria kilikuwa mkubwa wao kwa umri.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, uamuzi mkubwa kuliko maamuzi yote ya kituo ulikuwa ule wa kutotegemea wanasheria peke yao. Wanasheria wangeongezeka, ndiyo, na wameongezeka hasa tangu Chuo Kikuu cha Zanzibar kilipoanza Tunguu 1998 na kufundisha sheria na sharia. Lakini wanasheria hawatakaa Kojani wala Tumbatu. Kituo kikaamua kuwafunza watu wa huko huko: walimu wa skuli na wa madrasa, akina mama wa vikundi, wakulima waliomaliza kidato cha nne na wana moyo wa kuhudumu. Wakachaguliwa kutoka majimbo ya Unguja na Pemba, wakafunzwa misingi ya katiba, ardhi, ndoa, mirathi, kazi, haki za mtoto na taratibu za polisi na mahakama, wakarudi vijijini kwao. Wanaitwa wasaidizi wa sheria. Hawana joho, na wengi wao hawana mshahara kwa kazi hiyo. Wana daftari la kuandikia mashauri na baiskeli au nauli ya daladala.

Nimewatazama baadhi yao kazini, na kinachonivutia ni kwamba wanajua kitu ambacho wakili wa mjini hakijui: nani kakosana na nani, na tangu lini. Msaidizi wa sheria anajua kwamba ugomvi wa mpaka wa shamba ulianza kwenye harusi iliyovunjika. Anajua ni mzee gani akisema neno linasikika. Mashauri mengi huishia kwake, kwa sulhu iliyoandikwa na kushuhudiwa, na watu wakabaki majirani.

Lakini sulhu ina mpaka wake, na hapa ndipo kazi yao inapokuwa ngumu hasa. Zanzibar tuna neno, muhali. Mtu anaona haya kumshitaki mjomba, anamwonea haya shemeji, hataki ukoo uvunjike. Kwenye shamba au deni, muhali una busara yake. Kwenye kesi za udhalilishaji wa watoto, muhali ni ukuta unaomlinda mkosaji. Mtoto ameharibiwa, daktari ameandika, polisi wamefungua jalada, kisha siku ya ushahidi mashahidi hawaonekani kwa kuwa familia mbili zimekaa na kuyamaliza. Msaidizi wa sheria ndiye anayelazimika kwenda kwa mama wa mtoto usiku, akamwambia kwamba haya hayamalizwi nyumbani. Yeye mwenyewe ni wa kijiji hicho hicho, na kesho atakutana kisimani na wale wale wanaomchukia kwa kusema hivyo. Ujasiri huo haupigiwi makofi, na sijui taasisi nyengine iliyoujenga kwa watu wa kawaida wengi kiasi hicho katika visiwa vyetu.

Siasa nayo ilikijaribu kituo. Uchaguzi wa 1995 uliigawa Zanzibar karibu nusu kwa nusu. Kuanzia mwisho wa 1997 watu wa chama cha upinzani, CUF, walikamatwa, na mwishowe 18 wakashitakiwa kwa uhaini. Walikaa ndani mpaka Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar peke yake, kwa kuwa mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Ukiiweka kesi hiyo kando ya ile ya 1973 utaona umbali ambao nchi ilikuwa imekwenda. Mashitaka yalikuwa ya jina moja, na hukumu yake ingeweza kuwa ile ile. Safari hii washitakiwa walikuwa na mawakili, na hoja yao ya sheria ilisikilizwa mpaka Mahakama ya Rufani.

Miezi miwili baadaye, Januari 2001, damu ilimwagika Pemba na Unguja katika maandamano ya upinzani. Katika hali kama hiyo taasisi ya sheria inavutwa huku na huku, na kila upande unataka iwe yake. Haroub alikuwa na misimamo yake na hakuificha. Aliandika na kusema hadharani kuhusu uchaguzi, kuhusu muafaka baina ya vyama, na kuhusu nafasi ya Zanzibar katika Muungano. Lakini meza ya kituo ilibaki ya kila mtu. Mwenye kadi ya CCM na mwenye kadi ya CUF walikaa kwenye benchi moja wakisubiri zamu. Kwa Zanzibar ya miaka ile, ambapo watu waligawana hata maduka na misikiti kwa vyama, benchi hilo lilikuwa na thamani kubwa.

Kituo pia kiliandika. Mwaka 2006 kilichapisha kitabu kuhusu Zanzibar na suala la Muungano, kilichohaririwa na Profesa Chris Maina Peter pamoja na Haroub, na hadi leo anayetaka kulijadili jambo hilo kwa hoja za kisheria lazima akifungue. Kuanzia miaka hiyo hiyo kituo kikashirikiana na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Dar es Salaam kutoa ripoti ya kila mwaka ya haki za binaadamu Tanzania, sehemu ya Zanzibar ikiwa na mlango wake. Baadaye kikaanzisha kitabu cha kila mwaka cha sheria za Zanzibar, na hukumu na mijadala ya Visiwani ikapata mahali pa kuhifadhiwa. Nayasema haya haraka, ingawa najua wasomi wangetaka yawe mbele. Vitabu hivyo ni vizuri na vinahitajika. Lakini vingi ni vya Kiingereza, na mwenye mfuko wa plastiki havimfikii mpaka msaidizi wa sheria amweleze kilichomo.

Haroub Othman alifariki Zanzibar, Juni 2009, akiwa bado kazini. Waliokusanyika kumzika na walioandika kumlilia walitoka pande ambazo hazikai pamoja kwa kawaida: wajamaa wa zamani wa Mlimani, viongozi wa Serikali, wapinzani, wasanii, watu wa mitaani. Mkewe, Profesa Saida Yahya-Othman, mwanaisimu na msomi mkubwa kwa haki yake, alikusanya maandishi yake teule na kuyatoa kitabuni, na kwa kazi hiyo sote tuna deni kwake.

Taasisi nyingi za namna hii hufa na mwasisi wake. Tumeziona: kibao kinabaki mlangoni, simu haipokelewi, baada ya mwaka kibao nacho kinaondoka. Kituo cha Huduma za Sheria hakikufa. Profesa Chris Maina Peter na wengine waliendelea kukisimamia, ofisi ya Migombani ikaendelea kufunguliwa asubuhi, na ya Chake Chake ikaendelea kuwapokea watu wa Pemba. Sababu, kwa ninavyoona, ni kwamba Haroub hakukijenga kituo juu ya jina lake. Alikijenga juu ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kupiga naye picha.

Mwaka 2018 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13. Kwa mara ya kwanza sheria ya Zanzibar iliutambua msaada huu kuwa jambo la umma, ikawatambua na wasaidizi wa sheria ambao kwa miaka walifanya kazi wakiulizwa kituo cha polisi, "Wewe nani?" Sasa wana jibu la kisheria. Serikali ina idara inayoshughulika na katiba na msaada wa kisheria, na kuna jumuiya za wasaidizi wa sheria za wilaya. Kilichoanza 1992 kwa watu wachache waliojitolea kimekuwa sehemu ya utaratibu wa nchi.

Bado pana upungufu, na kuuficha hakutamuenzi marehemu. Sheria nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza katika nchi ambayo Kiswahili chake ndicho kilichochukuliwa kuwa sanifu. Kesi za udhalilishaji bado zinaanguka kwa kukosa mashahidi. Wasaidizi wa sheria wanazeeka, na vijana hawaingii kwa wingi katika kazi isiyo na malipo. Fedha za kuendeshea vituo kama hiki zimetoka kwa wafadhili wa nje kwa sehemu kubwa, na fedha za mfadhili zina mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo nawageukia mawakili wenzangu wa leo, mliosoma Tunguu, Mlimani au kwengineko, ambao mna ofisi Vuga, Mlandege na Darajani. Mnafanya kazi kwa uhuru ambao waliowatangulia hawakuwa nao. Toeni siku moja kwa mwezi. Siku hiyo mkae na msaidizi wa sheria kijijini kwake, mlifungue daftari lake, mchukue yale mashauri mawili au matatu yaliyomshinda.

Na wewe mwenye karatasi ya shamba ndani ya sanduku, ambayo marehemu baba aliitia dole gumba na hakuna nyumbani aliyewahi kukwambia inasema nini, usingoje mpaka aje mtu na seng'enge. Itoe leo. Muulize sheha wako msaidizi wa sheria wa eneo lenu ni nani, umpelekee akusomee.